Mng'ao Nyuma ya Mulvaney

Mara hii Wendell Tarrant alichagua kiti cha mstari wa mbele kabisa, ingawa shingo ilikuwa ikimuuma tangu asubuhi. Filamu yenyewe alishaichoka. Jambazi alishajua atafia wapi na nani atampiga risasi. Alichokifuata pale ni mtu anayepita nyuma ya jambazi huyo, juu kwenye ngazi, kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya.

"Usipepese macho," alimnong'oneza mwanamke aliyekaa kando yake.

"Baba yangu ndiye yule," Ofelia Barragán alimjibu. "Wewe ndiye usipepese."

Ilikuwa mchana wa siku ya kazi, na bado ukumbi ulijaa. "Kona ya Lazaro" ilikuwa imekaribia kutimiza miaka thelathini, lakini kila ilipoonyeshwa Los Angeles watu walipanga foleni. Vijana wa chuo walikuja na kalamu, wazee walikuja na chupa ndogo ndani ya makoti. Ilipotoka mara ya kwanza ilianguka vibaya mno. Magazeti yalisema ni giza tupu na jambazi analialia. Kisha Wafaransa wakaipenda. Ukitaka Mmarekani athamini kitu chake, mwache Mfaransa akisifie kwanza. Sasa ilikuwa ikifundishwa vyuoni kama Injili.

Sehemu iliyoipa sifa ilikuwa fupi. Cass Mulvaney, jambazi, anashuka ngazi za mtaa wa Bunker Hill usiku, akijua wenzake wanamngoja chini wamuue. Hasemi neno. Ghafla, nyuma ya bega lake, unapiga mng'ao mweupe mara moja. Mulvaney anashtuka, anageuka kuutazama, na anapourudisha uso wake kwetu macho yamejaa machozi. Basi. Vitabu vizima vimeandikwa juu ya mng'ao ule. Mmoja alisema ni Mungu. Mwingine akasema ni bomu la atomiki. Wa tatu, aliyekuwa na digrii nyingi kuliko wote, alisema ni mama yake Mulvaney.

"Hapo," alisema Ofelia.

Tarrant hakuutazama mng'ao. Alitazama chini, kwenye ngazi. Alipotoka ukumbini alikuwa anatabasamu peke yake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Kivuli cha Mulvaney ni kimoja," alisema walipofika barazani.

"Na wewe vyako ni vingapi, mzee?"

"Sikiliza, binti. Mtaani usiku mtu ana vivuli viwili, vitatu. Taa ya huku inakupa kimoja, taa ya kule kingine, na vyote vinafifia kadiri unavyokwenda. Cha Mulvaney ni kimoja, kifupi, kimekatwa kama kwa mkasi, na hakibadiliki toka juu ya ngazi mpaka chini. Na yule mwanamke wa ghorofani, umemwona?"

"Anayekung'uta zulia?"

"Nani anakung'uta zulia usiku?"

Ofelia aligeuka kuutazama tena mlango wa ukumbi. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu wa kuhakikisha hatua moja kabla ya kwenda nyingine, na Tarrant alimpenda kwa hilo. Wateja wengi humpa mpelelezi jibu kwanza, ndipo wakamtuma akalitafutie swali.

Kesi yenyewe ilikuwa imekwisha zamani, kwa namna ambayo kesi haifunguki tena. Refugio Barragán, ambaye nyumbani walimwita Cuco, alikuwa fundi vioo. Alibeba vioo vya madirisha mgongoni kwa mkanda wa ngozi, akipandisha vilima ubavu ubavu ili upepo usimpindue. Siku moja mjane tajiri wa Pasadena aliuawa nyumbani kwake saa sita mchana. Mpishi alisikia ukelele redio ilipokuwa ikianza habari. Kisu cha fundi vioo kilikutwa jikoni. Cuco alikuwa amemwekea mjane yule kioo wiki iliyotangulia, akakisahau kisu pale. Mahakamani alisema saa ile yeye alikuwa mbali kabisa, Bunker Hill, anapeleka kioo kwa mteja, na kwamba kulikuwa na gari la mkate lenye watu ndani wanapiga picha za sinema kwa siri. Kioo chake kiliwapiga machoni, wakamtukana. Mwendesha mashtaka aliuliza tangu lini mkate ukatukana watu, na baraza la wazee wa mahakama likacheka. Kampuni ya filamu ikaleta hati ya kiapo kwamba haikupiga picha yoyote mtaani siku ile. Mwaka uliofuata Cuco aliuawa katika chumba cha gesi, gereza la kaskazini. Ofelia alikuwa na miaka minane.

Tarrant aliipokea kazi hii kwa shingo upande. Aliwahi kuwa askari wa jiji hili, mmoja wa weusi wachache wa zama zake, na alijua jinsi jiji linavyomsikiliza mtu kama Cuco. Lakini mauaji yalikuwa ya mchana na filamu ilikuwa ya usiku, angeanzia wapi? Bunker Hill yenyewe ilishabomolewa, nyumba na ngazi, hakuna jirani wa kuulizwa. Wiki nzima alizunguka kwenye viwanda vya mikate akitafuta dereva. Akampata mmoja, mzee mcheshi aliyeapa kwamba gari lilikuwa lake na kwamba aliyeigiza Mulvaney mwenyewe alimpa mkono. Tarrant alipomuuliza gari lilikuwa la rangi gani, yule mzee alitaja rangi tatu kabla ya kumaliza kahawa. Njia ya mwongo ni fupi. Hakuwa na ubaya, alitaka mtu wa kuzungumza naye tu.

"Sasa twende kwa nani?" Ofelia aliuliza.

"Kwa mtu aliyeshika kamera," alisema Tarrant. "Jumamosi wanampa tuzo. Tumuwahi kabla hajaizoea."

*

Tibor Halmos, mpiga picha wa filamu ile, aliwapokea kwenye ua wa nyumba yake ya mlimani, amevaa tai ingawa hakuwa anatoka. Mezani palikuwa na kahawa nzito na keki ya mbegu za mpopi, kama ya kwao Hungaria. Alikuwa mzee wa mikono mizuri, na alizoea kuulizwa kuhusu mng'ao ule kama padri alivyozoea kuulizwa kuhusu mbingu.

"Nilihangaika nao usiku mwingi," alisema kabla hajaulizwa. "Taa nne kubwa. Ya tano niliificha juu, nyuma ya bomba la moshi. Nikasema, hii ndiyo itakuwa dhamiri yake."

"Taa nne," alisema Tarrant.

"Nne, bwana. Na ya tano."

"Mbona kivuli ni kimoja?"

Halmos alikata keki. Aliikata vizuri sana, polepole.

"Wewe ni mtu wa chuo?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ni mtu wa kuuliza tu. Taa nne zingempa Mulvaney vivuli vinne. Anacho kimoja. Kipo miguuni pake, kifupi. Hiyo taa yako iliyotoa kivuli kile lazima ilikuwa juu sana. Mimi naijua taa moja tu ya namna hiyo, na haina swichi."

"Mambo ya ufundi huyajui."

"Ndiyo maana nimekuja nifundishwe. Na yule mama wa zulia?"

"Mwigizaji."

"Jina lake?"

"Miaka thelathini, bwana! Nitamkumbuka kila mama wa zulia?"

"Taa ya bomba la moshi umeikumbuka."

Ofelia alikuwa ameagizwa asiseme kitu, na mpaka hapo alikuwa ametii. Halmos alimtazama yeye badala ya Tarrant. Labda aliona kitu usoni pake. Aliweka kisu mezani.

"Huyu binti ni nani?"

"Ni mtoto wa fundi vioo," alisema Tarrant.

Ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye mlimau. Halmos alikisogeza kikombe chake kando.

"Sisi tuliuita usiku wa kupikwa," alisema hatimaye. Sauti ya kupokea wageni ilishamtoka. "Kila mtu wa kazi yetu anajua. Usiku halisi ni ghali, taa, watu, umeme. Kwa hiyo unapiga picha mchana wa jua kali, unaweka kioo chekundu mbele ya lenzi, unabana mwanga, halafu maabara wanamalizia. Anga inakuwa nyeusi. Jua linakuwa mwezi. Mtazamaji anaapa kwamba ameuona usiku."

"Saa ngapi?"

"Adhuhuri. Jua likiwa juu ndipo usiku unapikika vizuri."

"Ndani ya gari la mkate."

"Ndani ya gari la mkate. Hatukuwa na kibali cha jiji wala cha chama cha wafanyakazi. Tulitoboa tundu ubavuni. Mulvaney alishuka ngazi katikati ya watu wanaokwenda sokoni, hata hawakujua." Alipangusa midomo. "Mara akatokea mtu na kioo mgongoni. Akageuka kidogo, jua likapiga kile kioo, likatupofusha sote. Mwigizaji naye akageuka kutazama, likamwingia machoni. Machozi yale..." Aliinua mikono. "Watu wameandika vitabu kuhusu machozi yale. Ni ya jua, bwana. Mimi nilipiga kelele wakate. Nilimtukana yule mtu kwa Kihungari na kwa Kiingereza."

"Naye akafanya nini?" Ofelia aliuliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza, na lilitoka kwa sauti ndogo kiasi kwamba Halmos aliinama ili alisikie.

"Alikuja mpaka kwenye gari," alisema. "Akavua kofia. Akaomba radhi."

Tarrant akaendelea, maana kazi ni kazi.

"Hati ya kiapo. Ulitia sahihi?"

"Tulitia sote. Mwenye filamu alituita, akasema kuna mwanasheria anataka kutuponza kwa jiji. Akasema ni mambo ya kibali tu."

"Na ulipojua si mambo ya kibali?"

"Sikujua."

"Mheshimiwa Halmos. Magazeti yaliandika habari ya gari la mkate. Waliichekea ukurasa wa kwanza. Los Angeles nzima kulikuwa na gari moja tu la mkate linalotukana watu kwa Kihungari, na wewe ulikuwa ndani yake."

Mzee hakujitetea sana.

"Nilikuwa mgeni hapa. Karatasi zangu zilikuwa za muda. Nilikotoka, mtu akienda polisi kusema kweli hakurudi. Nilisema moyoni, mahakama za Amerika ni nzuri, wataona wenyewe hakufanya. Nikasubiri waone." Alimtazama Ofelia. "Nikasubiri mpaka wakamuua. Baada ya hapo ningesema kwa faida ya nani?"

"Kwa faida yangu," alisema Ofelia.

Halmos aliondoka mezani bila kuomba ruhusa. Tarrant alidhani wamefukuzwa, lakini mzee alirudi na kopo bapa la chuma, lenye kutu kwenye kingo, akaliweka mbele ya Ofelia kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Kipande kilichokatwa," alisema. "Baada ya mng'ao kamera iliendelea kuzunguka. Hakikuingia kwenye filamu. Sijakitazama tangu mwaka ule na sijaweza kukitupa. Nina chumba cha giza hapa nyuma. Nikikichapa kwa mwanga mwingi, usiku utaondoka."

Walisimama watatu ndani ya kichumba chenye harufu ya siki, chini ya taa nyekundu. Halmos aliitumbukiza karatasi kwenye dawa na kuitikisa taratibu. Kwanza zilitokea ngazi. Kisha ukuta, zulia likining'inia ghorofani, na anga nyeupe ya mchana. Mwishoni akatokea mtu mwembamba aliyesimama karibu kabisa na kamera, kioo mgongoni, kofia mkononi, anacheka kwa aibu kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Kuna doa," alisema Halmos. "Hapa usoni. Ngoja nilisafishe."

"Usiguse!" Ofelia alimshika mkono.

Halikuwa doa. Katikati ya paji la uso wa Cuco Barragán palikuwa na msalaba wa majivu, umefifia kidogo kwa jasho. Giza la filamu lingeumeza kabisa, mchana uliurudisha.

Tarrant aliegemea sinki. Mjane wa Pasadena aliuawa Jumatano ya Majivu. Jambo hilo lilikuwa kwenye kila ukurasa wa kesi, na mwaka mzima una Jumatano moja tu ambayo fundi Mkatoliki hupandisha mlima na majivu usoni. Cuco alikuwa amesema ukweli tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Watu wa nchi nzima, na wa ng'ambo pia, walikuwa wamemtazama akiwa mahali alipoapa kuwa yupo, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani.

Ofelia alilia pale pale, amesimama, bila kujifunika uso. Halmos alilia pia, lakini hakuna aliyemtazama.

*

"Tusubiri," Tarrant alimwambia Ofelia kesho yake, nje ya nyumba ya mama wa binti huyo, mtaa wa Boyle Heights. "Moyo wa mama yako ni mbovu, umesema mwenyewe. Bado kuna jambo sijalipata."

"Jambo gani tena? Picha unayo, Halmos ameandika maelezo yake na kutia sahihi."

"Mwanasheria wa baba yako aliandika kwamba mke alikuwa anamtembelea gerezani kila ruhusa ilipotoka. Halafu miezi miwili kabla ya mwisho akaacha. Ghafla. Mtu haachi hivyo bila sababu."

"Sababu ni kwamba aliamini baba aliua. Miaka yote hii hajalitaja jina lake, Bwana Tarrant. Picha zake alizichoma. Nilipokuwa mtoto nikimuuliza ananiambia baba yako alikuwa mwongo, kula chakula chako." Alikibana kifuani kibahasha chenye picha. "Daktari amempa muda mchache. Nataka alitaje jina la baba kabla hajafa. Hilo tu. Sitaki kitu kingine duniani."

Tarrant alimfungulia lango. Kwa hilo hakuwa na haki ya kumzuia.

Eulalia Barragán alikuwa jikoni, ameketi kwenye stuli mbele ya jiko, anakaanga pilipili kavu kwenye kikaango bila mafuta. Mwanamke mdogo wa umbo, nywele zimesukwa msuko mmoja, midomo imeingia rangi ya bluu kwa ugonjwa wa moyo. Alimtazama Tarrant juu mpaka chini.

"Huyu ndiye mchumba? Mbona mzee?"

"Mama! Ni Bwana Tarrant. Nilikwambia."

"Uliniambia mpelelezi. Mpelelezi gani ana viatu vizuri hivi?" Akamsogezea kiti kwa mguu. "Kaa, baba. Utakula maharage?"

"Nitakula, mama, asante. Lakini kwanza binti yako ana kitu cha kukuonyesha."

Ofelia aliweka picha kando ya kikaango. Bibi Eulalia alijipangusa mikono, akaichukua, akaisogeza mbali na macho kisha karibu. Pilipili zilianza kuungua. Tarrant aliinuka akazima jiko mwenyewe.

"Hii mmeipata wapi?"

"Ni kwenye ile filamu, Mama. Sehemu waliyoikata. Walikuwa ndani ya gari la mkate, kama alivyosema. Ni siku ile ile, saa ile ile. Tazama paji la uso."

"Naona." Kidole chake kilikuwa kwenye msalaba wa majivu. "Tulikwenda wote alfajiri. Padri alimpaka mengi, yalimwingia jichoni, akacheka kanisani. Nilimfinya." Kidole kikahamia kwenye anga. "Lakini hapa ni mchana."

"Ndiyo, Mama. Ni mchana."

"Kwenye filamu ni usiku."

Tarrant alimtazama Ofelia, na Ofelia hakuwa ameelewa bado. Tarrant mwenyewe alishaelewa, na angetoa kitu chochote kile asilazimike kuuliza swali linalofuata. Lakini aliuliza.

"Mama, wewe filamu hii uliiona?"

"Niliiona." Aliisema kama jambo la kawaida. "Ilipotoka. Cuco alizoea kuniita Lala. Aliniambia, Lala, wakitoa picha yao nenda ukaitazame, utaniona napita mchana kweupe. Ukiniona mpelekee mwanasheria habari. Nikamwachia jirani mtoto, nikavaa nguo ya kanisani, nikaenda mjini. Niliomba rozari njia nzima. Na nikamwona kweli. Nilimjua kwa anavyotembea."

"Ulimwona?" Ofelia alisema. "Mama, ulimwona na hukusema?"

"Nilimwona usiku!" Bibi aliinua sauti kwa mara ya kwanza, na pumzi ikamkatika, alingoja irudi. "Ulikuwa usiku, mwanangu. Mwezi, giza, kila kitu. Nikakaa pale kitini nikajiuliza, fundi gani anabeba kioo usiku? Anakwenda kwa nani? Nikasema basi amepita hapo usiku mwingine, kwa mambo yake ninayofichwa, na hiyo ya mchana ameitunga. Kama ameweza kunidanganya hili, na mengine ameweza."

"Ukaenda kumwambia," alisema Tarrant.

"Nikapanda basi mpaka kule kaskazini. Nikamwambia, Cuco, nimekuona, na ulikuwa usiku. Alicheka kwanza. Akasema mchana, Lala, majivu yalikuwa bado usoni. Nikamwambia usiku, nimeona kwa macho yangu haya mawili. Akasema mchana. Nikaanza kulia, nikamwambia uniheshimu japo leo, usinidanganye na wewe umekaribia kufa." Alikuwa ameishika picha kwa mikono yote miwili. "Akanitazama sana. Halafu akasema, haya, usilie. Ukisema ulikuwa usiku, basi ulikuwa usiku."

Ofelia alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama, kama mtoto.

"Nikajua amekiri," alisema Bibi Eulalia. "Sikurudi tena. Alikuja mtu wa serikali, wanataka kumhurumia au vipi, akaniuliza una la kusema juu ya mumeo. Nikamwambia sina."

Tarrant alimweleza. Ilikuwa kazi yake, na aliifanya kwa maneno machache, kwa upole wote aliokuwa nao: kioo chekundu mbele ya lenzi, maabara, jua linalogeuzwa mwezi. Bibi alisikiliza bila kumkatiza. Tarrant alipomaliza, Bibi alimuuliza swali moja tu, na alimuuliza kama shahidi anavyopaswa kuulizwa, akimtazama usoni.

"Cuco alijua wanafanya hivyo?"

"Hapana, mama. Hata sisi tumejua jana. Nje ya watu wa kazi ile hakuna aliyejua."

"Kwa hiyo nilipomwambia nimeona usiku..."

"Mama, basi," alisema Ofelia kutoka sakafuni. "Mama, inatosha."

"Ngoja, mwanangu. Niache nimalize." Aligeuka tena kwa Tarrant. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyajali. "Yeye anajua ulikuwa mchana. Alikuwepo. Halafu mkewe anakuja mpaka kule, anakaa mbele yake, anamwambia nimekuona kwa macho yangu, ulikuwa usiku. Sasa yeye atafikiri nini, bwana? Niambie. Wewe si mpelelezi?"

Jibu lilikuwa moja tu na wote watatu walikuwa nalo.

"Refugio wangu," alisema Bibi Eulalia. "Alikufa anajua kwamba mwongo ni mimi."